Mkopo wa asilimia mbili kwa watu wenye ulemavu Tanga: mwongozo kamili, kuanzia karatasi ya kwanza hadi fedha kuingia akaunti

Tangu mikopo ya halmashauri irudi mwaka 2024, baada ya kusimama kwa zaidi ya mwaka, watu wananifuata kibandani kwangu Makorora, bahasha za kaki mkononi. Mimi ni fundi cherehani, natembelea magongo, na ni katibu wa kikundi cha watu wanne ambacho kiliomba mara ya kwanza kikakosa, kikaomba tena kikapata. Nikizifungua hizo bahasha nakuta makosa yaleyale: jina limeandikwa namna tatu kwenye karatasi tatu, andiko la mradi la kunakili, hakuna uthibitisho wa ulemavu, akaunti haina hata shilingi. Mwenye bahasha anaamini amenyimwa kwa sababu hana mtu ndani. Mara nyingi maombi yameangukia kwenye kitu ambacho angekirekebisha nyumbani kwake, juu ya mkeka, kabla hajapanda bajaji.

Nimeandika hatua kwa mpangilio unaotakiwa kufuatwa. Ukiruka hatua ya kwanza ukaanza na ya nne utarudi mwanzo, na kwa mtu anayetumia kiti mwendo kurudi mwanzo ni nauli na jasho.

## Kwanza hakikisha hiki ndicho unachotafuta

Huu ni mkopo, na utaurudisha. Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura 290, kifungu cha 37A, inaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mkopo wenyewe hauna riba. Ukikopa milioni mbili, deni lako ni milioni mbili.

Kama unatafuta msaada wa kujikimu, mlango ni mwingine. Ruzuku ya kaya maskini kupitia TASAF haiombwi kwa fomu. Kaya hutambuliwa na jamii yenyewe kwenye mkutano wa mtaa au kijiji, kwa hiyo cha kufanya ni kuhudhuria huo mkutano, au kumtuma mtu atakayesimama na kukutaja. Kama uliumia kazini, iwe bandarini, kiwandani au kwenye shamba la mkonge, dai lako liko Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, na ajali isipotolewa taarifa ndani ya miezi 12 haki inapotea. Na kama ulikuwa unachangia NSSF kabla ya kupata ulemavu, waulize kuhusu mafao ya ulemavu.

Nimeona kijana aliyekatika vidole kwenye mashine akihangaikia mkopo huku miezi ya fidia yake ikiyoyoma. Kila mtu alimwambia "nenda halmashauri". Ndiyo maana naanza na hili.

## Vya kuandaa

- Namba ya NIDA ya kila mwanakikundi, na nakala ya kitambulisho kama kimetoka
- Uthibitisho wa ulemavu wa kila anayehusika
- Barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa kwa kila mmoja
- Katiba ya kikundi na muhtasari wa kikao, vyote vimesainiwa
- Cheti cha usajili wa kikundi
- Akaunti ya benki kwa jina la kikundi, na taarifa ya akaunti
- Andiko la mradi
- Barua ya maombi ya mkopo
- Picha za pasipoti
- Daftari la kurasa nyingi na kalamu

Daftari ndilo wengi hawalioni. Andika kila siku uliyokwenda ofisi, cheo cha uliyeonana naye, alichokuambia na siku ya kurudi. Baada ya miezi miwili kichwa hakikumbuki tena nani alisema nini.

## Hatua ya 1: Soma tangazo la duru hii

Nenda ofisi ya kata, angalia ubao wa matangazo, au mwombe Afisa Maendeleo ya Jamii akusomee. Tangazo litakuambia tarehe ya mwisho, umri, aina ya miradi na idadi ya wanakikundi. Watu wenye ulemavu wamelegezewa upande wa idadi kuliko wanawake na vijana, kwa hiyo usiambiwe mtaani kwamba lazima mfike kumi. Uliza pia utaratibu wa mwenye ulemavu anayeomba peke yake, na wa mzazi au mlezi wa mtu asiyejiweza.

Usifuate tangazo la mwaka jana ulilotumiwa kwenye WhatsApp. Kanuni zimebadilika zaidi ya mara moja.

Umemaliza hatua hii pale tarehe ya mwisho inapokuwa imeandikwa kwenye daftari lako na unajua sura ya afisa wa kata yako.

## Hatua ya 2: Nyoosha majina

Hapa ndipo bahasha nyingi zinapofia, kwa hiyo twende polepole.

Chukua kitambulisho cha NIDA cha kila mmoja, weka mezani. Jina lilivyo pale, herufi kwa herufi, ndivyo liandikwe kwenye katiba, muhtasari, barua ya mtaa, barua ya hospitali na fomu ya benki. Sisi watu wa Pwani tuna majina yanayoandikwa kila mtu apendavyo. Mwanahamisi anakuwa Mwanahamis. Omari anakuwa Omary. Saidi, Said, Seid. Jina la babu linaachwa kwenye karatasi moja na kutokea kwenye nyingine. Nyumbani huyo ni mtu mmoja. Mezani kwa anayekagua maombi ni watu watatu.

Sababu iko wazi. Kabla mikopo haijasimamishwa mwaka 2023, ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zilikuta fedha zilizotolewa kwa vikundi visivyokuwepo na marejesho yasiyorudi. Taarifa sasa zinaingizwa kwenye mfumo wa kompyuta, na mfumo hauna habari kwamba Omary ni yuleyule Omari wa barabara ya kumi na mbili.

Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku yako ya kuzaliwa. Zihesabu. Kama hizo nane hazifanani na tarehe uliyoandika kwenye fomu, kuna kosa mahali.

Kama kosa liko NIDA kwenyewe, anza kulishughulikia leo na usilisubirishe hadi tangazo litoke. Marekebisho yanadai nyaraka kama cheti cha kuzaliwa, na hayakamiliki kwa siku mbili.

Utajua umemaliza pale mtu mwingine, asiyewajua, atakaposhika karatasi zenu zote na asione jina hata moja lenye tofauti. Mpe mtoto wa shule aliyemaliza darasa la saba akague. Macho yake ni makali kuliko ya kwetu tuliozoea.

## Hatua ya 3: Pata uthibitisho wa ulemavu

"Si wananiona?" Ndivyo wengi wanavyojibu, na ninaelewa uchungu ulio ndani ya swali hilo. Lakini atakayepitisha jina lako huenda asikuone kabisa, ataona karatasi. Na wapo wenye ulemavu usioonekana kwa macho: usikivu, uoni hafifu, afya ya akili, kifafa.

Anza kwa Afisa Ustawi wa Jamii akupe barua ya kwenda nayo hospitali. Kwa tulio mjini ni rahisi kufika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Bombo. Wa Pongwe au Tongoni waulize kwanza kama kituo cha karibu kinaweza kuandika barua inayokubalika, mtaokoa nauli.

Barua itaje aina ya ulemavu, iseme kama ni wa kudumu, iwe na tarehe, saini, cheo cha daktari na mhuri unaosomeka. Isome, au usomewe, kabla hujatoka mlangoni. Mwenzetu mmoja alipewa barua inayosema "anasumbuliwa na mguu". Mguu wenyewe umekatwa chini ya goti. Ikabidi arudi. Mwambie daktari kwa adabu kwamba barua ni ya kuthibitisha ulemavu kwa ajili ya halmashauri, atajua aandike nini.

Kadi ya uanachama wa chama cha watu wenye ulemavu ambatanisha kama unayo, ila isichukue nafasi ya barua.

Kiziwi aende na mkalimani wa lugha ya alama au ndugu anayemwamini. Toa nakala tatu. Ya asili usiiachie ofisi yoyote bila kuandikishana.

## Hatua ya 4: Unda kikundi cha kweli

Chagua watu ambao ungewakopesha fedha zako mwenyewe. Mkopo ni wa kikundi na deni ni la kikundi: mmoja akihamia Handeni na fungu lake, waliobaki ndio watakaolipa.

Kuna jambo linalofanyika na linaniuma. Watu wasio na ulemavu wanamwazima mwenye ulemavu. Wanamfuata mama kipofu, wanamwambia "wewe tupe jina na kitambulisho tu, utapata chako". Anapewa elfu ishirini, mkopo unachukuliwa wote, na anayedaiwa kwenye mkataba ni yeye. Ukifuatwa hivyo, kataa. Kama hujui mradi unahusu nini, fedha zinakaa wapi na nani anazitoa benki, hicho si kikundi chako.

Katiba isiwe ndefu. Iseme jina la kikundi, mnafanya nini, nani anaweza kujiunga, viongozi ni nani na wanabadilishwaje, michango ni kiasi gani, faida inagawanywaje, na mwanakikundi akifariki au akijitoa deni lake linakuwaje. Hicho kipengele cha mwisho kiandikeni mapema, mkiwa bado mnacheka pamoja.

Fanyeni kikao halisi. Muhtasari uwe na tarehe, mahali, waliohudhuria, mlichokubaliana na saini. Asiyeweza kusaini aweke dole gumba, na asomewe kwanza, kwa sauti, kila alichokubali. Peleka katiba na muhtasari kwa Afisa Maendeleo ya Jamii kwa ajili ya usajili.

Umefaulu ukiwa na cheti chenye jina la kikundi lilelile lililo kwenye katiba. Nalo likague herufi kwa herufi, kama majina ya watu.

## Hatua ya 5: Fungua akaunti, na iwe hai

Benki itataka cheti, katiba, muhtasari unaotaja watia saini, vitambulisho na picha. Wekeni watia saini watatu: mwenyekiti, katibu, mweka hazina.

Mweka hazina wetu haoni. Tulipokwenda benki moja hapa mjini, mhudumu alimsukumia fomu ndugu aliyetusindikiza, akamwambia "msainie". Mweka hazina akaweka mkono juu ya ile karatasi, akasema, "Nisomee. Yote. Kisha nionyeshe pa kuweka dole." Mhudumu alisoma kurasa nne, foleni nyuma yetu ikasubiri. Akaweka dole lake mwenyewe. Nalisimulia hili kwa sababu mtakutana nalo: saini ya kusaidiwa na ndugu leo ndiyo kesi ya kesho ndugu huyo akitaka kutoa fedha.

Akaunti ikishafunguka, wekeni akiba kila wiki, hata elfu mbili kwa kila mtu. Akaunti iliyokaa sifuri miezi minne inamwambia mkaguzi kwamba kikundi kimeamka siku ya tangazo.

## Hatua ya 6: Andika andiko la mradi wako, si la jirani

Steshenari nyingi zinauza andiko lililokwisha kuandikwa, unabadilisha jina tu. Ofisini yanafika kumi yanayofanana, yote "ufugaji wa kuku 500", na wenye nayo hawajawahi kufuga hata tetea mmoja. Usinunue.

Andiko letu la kwanza lilikuwa na mstari mmoja wa gharama: "Cherehani na vifaa vingine, 5,000,000." Lilirudi, na lilistahili kurudi. La pili tuliliandika baada ya kuzunguka madukani Ngamiani siku mbili tukiuliza bei. Lilikuwa hivi, mradi wa kushona sare za shule:

- Cherehani 3, kila moja 380,000: jumla 1,140,000
- Ovaloki (mashine ya kufunga kingo za nguo) 1: 750,000
- Majora 6 ya kitambaa, kila moja 110,000: jumla 660,000
- Nyuzi, vifungo na zipu: 150,000
- Jumla kuu: 2,700,000
- Akiba yetu benki: 300,000
- Tunaomba: 2,400,000

Usizichukue bei hizi, nenda ukaulize za siku yako. Chukua mpangilio wake. Kila kitu kina idadi, bei na jumla, na sisi wenyewe tumeweka chetu.

Chini yake tukaeleza fedha itarudije. Kwa miezi 12, milioni 2.4 ni 200,000 kwa mwezi, yaani 50,000 kwa kila mmoja wetu wanne. Tukasema wazi kwamba Desemba na Januari kazi inafurika, na kwamba miezi ya katikati ya muhula ni mikavu, ambapo tunashona madera na kurekebisha nguo. Ofisa aliyetutembelea aliniambia ukurasa huo wa miezi mikavu ndio uliomfanya atuamini. Watu wengi wanaficha miezi mibaya wakidhani inawaharibia.

Eleza pia ulemavu wenu unavyogusa kazi. Asiyetumia miguu anahitaji cherehani ya mota au ya mkono, na bei yake iwe kwenye hesabu. Kama mtu atalipwa kubeba mizigo, andika. Kama mnauza samaki wa kukaanga pale soko la samaki la Deep Sea na mwenzenu ana ualbino, kivuli na mafuta ya ngozi ni gharama za mradi, kwa sababu asipokuwa na kivuli hafanyi kazi.

Kurasa tatu hadi tano zinatosha. Na kila mwanakikundi aweze kulieleza kwa maneno yake bila kusoma, kwa sababu wataulizwa mmoja mmoja.

## Hatua ya 7: Wasilisha

Panga nyaraka kwa mpangilio wa orodha ya tangazo. Barua ya maombi juu, ikitaja jina la kikundi, mradi, kiasi na namba ya simu ambayo haizimwi. Pitia serikali ya mtaa kwa barua za utambulisho, kisha kata. Taarifa zinapoingizwa kwenye mfumo, omba kukaa karibu na anayeingiza, uangalie majina na namba ya akaunti zikisomeka sawa. Dakika kumi za kusimama hapo zinaweza kukuokoa miezi.

Usiwasilishe siku ya mwisho. Ukiwahi kwa wiki mbili, ukiambiwa kuna pungufu unao muda wa kurekebisha.

Baki na nakala ya kila kitu, na ya kwako igongwe mhuri wa kupokelewa.

Mtu akikuambia "toa kidogo jina lipite", usitoe. Piga 113, namba ya bure ya TAKUKURU. Kama ofisi ina ngazi na huwezi kupanda, mwombe afisa ashuke akuhudumie chini. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya mwaka 2010 inakupa haki ya kufikiwa na huduma, na kuomba hivyo si kujidekeza.

## Hatua ya 8: Ukaguzi, mafunzo na mkataba

Watakuja kuwaona. Mkutwe kazini. Wekeni daftari la mahesabu, daftari la mahudhurio na vyeti mahali pamoja. Ndugu asiwajibie. Nimeona kaka anamjibia dada yake kiziwi kila swali, mpaka mkaguzi akauliza mradi ni wa nani.

Mafunzo ya kabla ya mkopo hudhurieni wote. Kama anahitajika mkalimani, toa taarifa mapema, kwa maandishi.

Mkataba usomwe kikundi kizima kikiwepo. Tafuta mambo manne: kiasi, tarehe ya rejesho la kwanza, kiasi cha kila mwezi, na kinachofuata mkichelewa. Msiloelewa ulizeni kabla ya saini.

Fedha zikiingia, nunueni kilichoandikwa kwenye andiko na mtunze risiti zote. Hata kama bei imeshuka na imebaki laki moja, msiigawane. Iandikeni, mwarifu afisa.

Rejesho lipeni kwa namba ya malipo ya serikali mtakayopewa, ile tunayoita kontroli namba. Usimpe mtu fedha taslimu akulipie, hata awe ofisa unayemfahamu. Mwezi ukiwa mgumu, au mwenzenu akilazwa, nendeni ofisini kabla ya tarehe ya rejesho. Kikundi kinachokwenda chenyewe kinasikilizwa tofauti na kinachotafutwa.

## Mkikosa

Nendeni mkaulize sababu, na ombeni iandikwe. Sisi tulipewa sababu tatu: gharama hazina mchanganuo, jina la katibu halifanani na NIDA, akaunti haina akiba. Jina la katibu lilikuwa langu. Nilikuwa nimeandika la utotoni, nililolizoea.

Zile sababu tatu nilizibandika ukutani juu ya cherehani. Tukazifuta moja moja, na duru iliyofuata tukarudi na bahasha ileile, karatasi zimebadilika. Mkija Makorora njooni nayo ya kwenu, tutaikagua pamoja. Asubuhi ni nzuri zaidi, jua likiwa bado halijafika kibarazani.